Kutu Iliyo Chini ya Rangi

    Kama uko jikoni, endelea na kazi yako, lakini tega sikio. Leo tunataka kuwasimulia habari za motokaa moja mbovu, na jinsi ilivyotufundisha jambo ambalo tulikuwa tumelisikia kanisani mara nyingi bila kulishika.

Tukisema "sisi", maana yake ni mume na mke. Mmoja wetu ni mzee wa kanisa, na mwenzake ni mshonaji. Tunakaa upande wa Limuru, mahali penye baridi, ambapo ukungu hushuka asubuhi hata usione mlango wa jirani. Mungu ametupa watoto wawili: kijana wa kiume, ambaye ndiye kifungua mimba, na binti aliyezaliwa miaka 8 baadaye.

Basi, mwezi wa Agosti mwaka 2015 tulinunua motokaa aina ya Peugeot 404, iliyotengenezwa mwaka 1967. Wazee wanaotusikiliza wanaikumbuka vizuri. Watu wengi waliiita Pijo. Ilianza kuuzwa Ufaransa mwaka 1960, na umbo lake lilichorwa na Waitalia wa Pininfarina. Injini yake imelazwa ubavu kwa nyuzi 45, na mkono wa gia uko kando ya usukani. Hapa Afrika Mashariki ilipata jina kubwa katika mashindano ya Safari. Ilishinda mwaka 1963, ikashinda tena mwaka 1966, 1967 na 1968. Tena mwaka 1963, na vilevile mwaka 1968, mvua na matope vilikuwa vikali hata magari yaliyofika mwisho yakawa 7 tu, na Peugeot 404 ikawa mbele yao. Baadaye zile za aina ya steshenwagoni zilibeba abiria wa safari ndefu, zikijaa watu na mizigo juu.

Lakini hii yetu haikuwa na sifa yo yote tulipoiona. Tuliikuta nyuma ya ghala la mtu, chini ya mkaratusi, imekalia mawe manne bila magurudumu. Ilikuwa imekaa pale miaka 14. Kuku walikuwa wakitagia kwenye kiti cha nyuma. Majani yaliyooza yalikuwa yamejaa chini ya kioo cha mbele, na mle ndani ya majani mlikuwa na maji. Fikiri, ndugu yangu! Motokaa iliyoshinda matope ya Safari ilikuwa inashindwa na umande. Haikuvunjwa na mlima wala na mto. Ilikuwa inaliwa na tone moja moja la maji, usiku baada ya usiku, kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa akiiangalia.

Tulitoa shilingi 45,000, fedha tulizopata kwa kuuza ndama wawili. Jirani zetu walitucheka. Mmoja alituuliza kama tumeanza biashara ya vyuma chakavu. Hatukumjibu, kwa sababu sababu yenyewe ya kuinunua hatukutaka mtu aijue.

Sababu ilikuwa kijana wetu. Alikuwa na umri wa miaka 19, naye alikuwa amerudishwa nyumbani kutoka chuoni kwa ajili ya ulevi. Mtakumbuka ya kwamba mwezi wa Julai mwaka ule Rais Uhuru Kenyatta aliamuru pombe haramu iondolewe katika sehemu za Kenya ya Kati. Tuliona mapipa yakimwagwa kando ya barabara, nasi tulisimama pamoja na wengine tukapiga makofi. Hatukumwambia mtu hata mmoja ya kuwa usiku ule ule mtoto wetu alikuwa amelala kifudifudi katika nyumba ya nyuma, viatu viko miguuni.

Tangu utoto kijana huyu alipenda kufungua vitu aone vinavyofanya kazi. Alifungua saa ya babu yake, akafungua redio, akafungua hata cherehani ya mama yake. Tukasema, labda akipata kazi ya mikono hapa nyumbani, moyo wake utatulia. Ndiyo maana tukanunua ile Pijo. Ilivutwa kwa trekta mpaka nyumbani, tukaiweka chini ya kibanda cha mabati kando ya zizi la ng'ombe.

Siku za kwanza zilikuwa za furaha. Kijana alishika spana, na dada yake, aliyekuwa na miaka 11, akawa karani. Kila nati na kila parafujo iliyotolewa, binti aliitia katika mkebe na kubandika karatasi: hizi ni za mlango wa kushoto, hizi ni za bampa ya mbele. Wale kuku walipoteza makao. Tuliosha mabati, na lo! upande wa kushoto uling'aa. Chini ya vumbi kulikuwa na rangi nzuri ya samawati, laini kama yai. Tulifurahi, tukaambiana ya kuwa upande huu hautatupa shida.

Alikuja fundi mmoja mzee kutoka vibanda vya jua kali kutusaidia. Aliizunguka motokaa mara mbili, mikono nyuma, bila kusema neno. Kisha akaanza kuigonga mabati kwa kifundo cha kidole, kama daktari anayegonga kifua cha mgonjwa. Mahali pengine bati lilijibu kwa sauti nyembamba. Lakini upande ule wa kushoto, pale palipong'aa, sauti ilikuwa nzito, kama mtu anayegonga ukuta wa udongo.

"Mzee," akasema, "tafuteni sumaku."

Binti akakimbia akaleta sumaku iliyotoka katika spika ya redio mbovu. Fundi akaibandika juu ya boneti, ikashika. Akaibandika juu ya mlango, ikashika. Akaibandika juu ya ule upande mzuri, chini ya mlango, nayo ikaanguka chini. Akairudisha, ikaanguka tena. Ndugu msikilizaji, sumaku haidanganywi na rangi. Hushika chuma, na pasipo chuma haishiki.

Fundi akampa kijana patasi na nyundo. Kijana akagonga kidogo tu, na kipande kikubwa kikamomonyoka kama chapati kavu. Haikuwa chuma. Ilikuwa fila, ule udongo wa mafundi wa kuzibia mabati, uliopakwa zaidi ya unene wa kidole, ukasuguliwa kwa msasa na kufunikwa kwa rangi. Chini yake palikuwa na tundu la kuingiza ngumi, na pembeni pa tundu palikuwa na kutu nyekundu, imelowa maji. Mtu aliyekuwa na motokaa hii zamani aliona kutu, akaona haya au akaona gharama, akaifunika. Naam, ilipendeza machoni. Pengine hata aliiendesha akasifiwa. Lakini kutu haikujua ya kuwa imefunikwa. Iliendelea kula.

Fundi alitueleza jambo hili vizuri. Chuma kikikutana na maji na hewa hufanya kutu. Ukipaka fila juu ya kutu, hujaiondoa. Maji hupenya kutoka upande wa ndani, yanakaa kati ya fila na bati, na kwa kuwa hayapati jua, hayakauki. Kwa hiyo mahali palipofunikwa huoza upesi kuliko mahali palipo wazi. "Dawa yake ni moja," akasema. "Kateni mpaka mwone chuma kinachong'aa. Hata kama tundu litakuwa kubwa kuliko mlivyopenda."

Ndipo kijana wetu akasema neno ambalo hatujalisahau. Alikuwa bado amechuchumaa, patasi mkononi, wala hakutuangalia. Akasema polepole, "Baba, gari hili ni kama sisi."

Tulinyamaza. Fundi naye akageuka akajifanya anatafuta msasa.

Wapenzi wasikilizaji, tulijua maana yake. Kanisani tulikuwa tumesema ya kuwa kijana yuko kwa shangazi yake Eldoret, anasoma. Mchungaji alipomwulizia, tulimjibu hivyo. Kina mama wa chama walipotaka kuja nyumbani kwetu kwa maombi, tulisema nyumba inakarabatiwa. Na sikukuu ya Krismasi ilipofika, tulimnunulia suti, tukamketisha kati yetu katika benchi la tatu, tukamwomba asimkaribie mtu sana, wasije wakasikia harufu. Tulipaka rangi. Mmoja wetu alikuwa akisimama mbele ya washarika kusoma matangazo, na mwenzake akiimba katika kwaya, na chini ya rangi palikuwa na tundu la kuingiza ngumi.

Lakini tungekuwa waongo mara ya pili kama tungewaambia ya kuwa tuligeuka siku ile. Hatukugeuka. Tulifunga midomo tukaendelea na motokaa, kwa sababu kukata bati la motokaa ni rahisi.

Kazi ikaendelea mwaka mzima, kila Jumamosi na siku nyingine za jioni. Tulikata sehemu zote zilizooza: chini ya milango, sakafu upande wa dereva, na juu ya magurudumu ya nyuma. Fundi alimfundisha kijana kukata kiraka cha bati la milimita 1, kukikunja juu ya ukingo wa meza, na kukichomelea nukta moja hapa, nukta nyingine kule, akingoja bati lipoe. Ukichomelea mfululizo kwa haraka, joto hulipinda bati lote. Kijana alijifunza kungoja.

Injini nayo ilikuwa imekwama. Hatukuilazimisha. Tulitoa plagi zote nne, tukamimina katika silinda dizeli iliyochanganywa na mafuta ya injini, tukaiacha siku 9. Peugeot 404 ina tundu mbele kwa ajili ya hendeli, ule mkono wa chuma wa kuizungusha injini. Kila jioni kijana aliingiza hendeli, akasukuma kidogo, akaacha. Siku ya 9 ikasogea kiasi cha upana wa kidole. Tulipiga kelele kama watu walioona mwezi wa kwanza duniani! Kisha akafungua kabureta, akaiosha kipande kwa kipande katika petroli, tukaagiza gasketi zake Nairobi. Mmoja wetu akashona vitambaa vipya vya viti.

Halafu, mwezi wa Julai mwaka 2016, kabureta ikapotea.

Binti ndiye aliyegundua. Alikuja jikoni akiwa na orodha yake, akasema mkebe upo, karatasi ipo, lakini kabureta haipo. Hatukuhitaji kuuliza sana. Kijana alirudi usiku saa nne, akiyumba. Alikuwa ameiuza, na fedha alikuwa amezinywa.

Tulikasirika sana. Maneno yaliyotoka katika vinywa vyetu usiku ule hatuwezi kuyarudia redioni. Tulimwambia ya kuwa nyumba hii si yake tena, tukafunga mlango kwa komeo. Wale wanaoijua baridi ya Limuru mwezi wa Julai wanajua tunasema nini. Tulizima taa. Hatukulala. Kila mmoja wetu alijua ya kuwa mwenzake yuko macho, wala hatukusemezana.

Saa kumi na moja alfajiri tulitoka na taa. Tulifikiri tungemkuta barabarani, au tusimkute kabisa. Ukungu ulikuwa mzito. Tulipofika kibandani tulimwona. Alikuwa amelala ndani ya Pijo, juu ya sakafu aliyoichomelea kwa mikono yake, maana viti vilikuwa bado havijarudishwa. Alikuwa amejifunika magunia ya chakula cha ng'ombe. Alikuwa anatetemeka, lakini alikuwa hai.

Hatukujua la kusema. Baba akaingia upande mmoja, mama upande wa pili, tukaketi chini pamoja naye, tukamfunika kwa blanketi. Tulikaa hivyo mpaka kukapambazuka. Hakuna aliyehubiri. Mwishowe mmoja wetu akasema, "Umesema kweli mwaka jana. Sisi ndio tuliopaka rangi." Naye akalia, nasi tukalia.

Jumapili ile ile, baada ya ibada, tulimwomba mchungaji na wazee wenzetu wakae nasi kidogo. Tuliwaambia mambo yote: chuo, pombe, Eldoret, suti, kabureta. Mzee yule wa kanisa akaomba apumzishwe kazi yake kwa muda, na ombi lake likakubaliwa. Tulidhani paa litatuangukia. Halikuanguka. Wako waliotusengenya, hatutaki kuwaficha. Lakini kabla ya jua kutua jioni ile, wazazi wa nyumba mbili za ushirika wetu walikuja kwetu kimya kimya. Walitaka kujua tulianzaje kusema, kwa sababu nao walikuwa na mtoto katika nyumba ya nyuma.

Mchungaji hakutuambia tuombe tu. Aliomba pamoja nasi, kisha akatupeleka kwa daktari. Huko tulifundishwa ya kuwa mtu aliyezoea pombe kwa nguvu aweza kupatwa na hatari mwilini akiacha ghafula peke yake, na ya kuwa anahitaji uangalizi wa wanaojua kazi hiyo. Kijana alikaa mahali pa matibabu miezi mitatu, akarudi mwezi wa Oktoba. Mwezi wa Februari mwaka 2017 alianguka tena. Lakini safari hii hatukufunga mlango, wala hatukusema yuko Eldoret. Yeye mwenyewe alikwenda kwa mchungaji asubuhi yake akasema. Tangu siku ile mpaka leo hajaonja tena, naye husema ya kwamba kila asubuhi huianza upya.

Na motokaa je? Tuliwafahamu walioinunua ile kabureta, nao walitaka bei mara mbili. Kijana aliilipia mwenyewe kidogo kidogo, akifanya kazi ya kibarua kwa yule fundi mzee. Kisha tukashughulikia breki. Peugeot ya mwaka 1967 ina breki za ngoma magurudumu yote, na silinda zake ndogo zilikuwa zimeshikana kwa kutu. Kijana alitamani sana kuiwasha na kutoka nayo, lakini fundi alikataa. Alisema hatatia petroli katika kitu kisichoweza kusimama.

Mwezi wa Desemba mwaka 2018, siku ya Jumamosi, betri ilikuwa dhaifu, kwa hiyo kijana akachukua ile hendeli. Akazungusha mara moja, mara mbili. Mara ya tatu ikakohoa moshi mweusi, ikazima. Mara ya tano ikanguruma, ikaendelea kunguruma. Ng'ombe wakaruka zizini. Binti, ambaye sasa alikuwa msichana mkubwa, alisimama na mkebe mmoja mkononi. Ndani yake mlikuwa na parafujo moja ambayo hata leo hatujui ilitoka wapi.

Ukija kwetu utaiona. Si motokaa ya maonyesho. Ukiinama utaona alama za kiraka upande wa kushoto, kwa sababu kijana alikuwa bado anajifunza alipokichomelea. Tulimwuliza kama tupake fila kidogo juu yake ili pawe laini. Akasema hapana, sumaku ishike kila mahali.

Ndugu msikilizaji, hebu sasa tuliangalie Neno. Katika kitabu cha Nehemia tunasoma habari za mtu aliyesikia ya kuwa kuta za mji wa baba zake zimebomoka. Alipofika Yerusalemu hakuanza kwa hotuba. Sura ya pili yaeleza jinsi alivyoondoka usiku pamoja na watu wachache, akauzunguka mji, akayatazama mabomoko kwa macho yake mwenyewe. Kwanza alitazama, ndipo akawaambia watu hali ilivyo, ndipo wakajenga. Na sura ya tatu yaeleza ya kuwa watu wengi walijenga ule upande uliokabili nyumba zao wenyewe. Kwa siku 52 ukuta ukamalizika.

Tunajifunza mambo matatu hapo.

La kwanza, tazama uharibifu kama ulivyo. Pengine kuna mahali katika nyumba yako ambapo umepaka rangi. Labda ni deni ambalo mwenzako halijui. Labda ni ugomvi wa ndugu wawili ambao kila Jumapili hukaa benchi moja. Labda ni mtoto. Usiseme, "Nitalifunika mpaka lipone." Kutu iliyofunikwa haiponi. Inaoza upesi zaidi.

La pili, jenga mbele ya nyumba yako. Sisi tulikuwa hodari wa kupiga makofi mapipa ya watu wengine yakimwagwa. Ni vizuri serikali ifanye kazi yake. Lakini tundu lililo chini ya mlango wako halitazibwa na mtu mwingine, na hutaliziba kwa kutazama tundu la jirani.

La tatu, na hili ndilo lililotuponya, kumbuka ulinunuliwa ukiwa katika hali gani. Hatukungoja Pijo iwake ndipo tuitolee fedha. Tuliinunua juu ya mawe manne, imejaa majani na viota. Mtume Paulo, katika barua yake kwa Warumi sura ya tano, aeleza ya kuwa Kristo alikufa kwa ajili yetu tulipokuwa tungali wenye dhambi, si baada ya kujitengeneza. Kwa hiyo aliyetununua hashangai anapobandua rangi na kuona tundu. Alilijua kabla ya kulipa. Basi tunaogopa nini kumwonyesha? Na kama yeye hakutungoja tupendeze, sisi tulipata wapi haki ya kumfungia mtoto mlango mpaka apendeze?

Labda wewe unayesikiliza ndiwe kijana mwenyewe, unayelala na viatu. Tunakuomba, mwambie mtu mmoja leo. Mwambie mzazi, au mchungaji, au daktari. Au labda u mzazi, na usiku wa leo umekwisha kuliweka komeo mlangoni. Mpenzi, inuka ukalifungue, uende ukatazame kibandani. Huenda hajafika mbali.

Na tuombe. Ee Mungu Baba yetu, wewe wajua kila mahali tulipopaka rangi. Utupe ujasiri wa kupafungua. Utupe uvumilivu wa kutengeneza polepole, na mikono ya watu wanaojua kazi. Uwakumbuke watoto walio nje usiku wa leo katika baridi, na wazazi walio macho gizani. Uwakutanishe kabla ya kupambazuka. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.